Je, Wajua? Kila Mstari wa Msimbo Una Mwenyewe

Je, wajua kwamba leseni ya kwanza ya mfumo wa kompyuta wa Linux ilikataza mtu kupokea hata senti moja? Linus Torvalds alipoitoa kazi yake hadharani mwaka 1991, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliweka masharti aliyoyatunga mwenyewe: msimbo wote uwe wazi, na asiwepo wa kuuza nakala. Katazo hilo liliwabana hata watu wema. Miaka ile intaneti ilikuwa ya wachache, programu zilisafiri kwa disketi, na disketi hununuliwa. Aliyetaka kuwapelekea wenzake Linux hakuruhusiwa kurudishiwa hata bei ya disketi tupu. Watu wakamweleza, naye akasikia. Mwanzoni mwa mwaka 1992, alipotoa toleo la 0.12, alitangaza kwamba anahamia leseni ya GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman kwa ajili ya mradi wake wa GNU. Masharti ya GPL ni mepesi kuyaeleza: uza ukitaka, lakini unayempa programu umpe na msimbo wake, tena kwa uhuru uleule uliopewa wewe.

Torvalds amesema zaidi ya mara moja kwamba hakuna uamuzi bora aliowahi kuufanya kuhusu Linux kuliko huo. Nami naamini. Lakini tazama jinsi ulivyokuwa rahisi: karibu kila mstari ulikuwa wake, na waliochangia walihesabika kwa vidole. Leo hii, hata angetaka, asingeweza kuurudia.

Kwa nini asiweze? Kwa sababu leseni haibadilishwi na mkuu wa mradi. Hubadilishwa na wenye hakimiliki. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unazitaka nchi wanachama zilinde programu za kompyuta kama kazi za fasihi, na sheria zetu zimefuata njia hiyo: Kenya kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, Tanzania kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Maana yake ni kwamba kijana wa Mwanza anayetuma marekebisho ya mistari hamsini kwenye mradi fulani wa dunia anabaki mmiliki wa mistari hiyo, sawasawa na mtunzi na hadithi yake. (Isipokuwa ameiandika akiwa kazini, ambapo kwa kawaida mwenye mali ni mwajiri.) Alichoupa mradi ni ruhusa, na ruhusa hiyo ni ya leseni iliyokuwapo siku ile. Mradi wa programu huria wenye wachangiaji elfu moja basi ni kama shamba la ukoo: wote wanalima, wote wanavuna, lakini hati haibadilishwi mpaka kila mwenye jina ndani yake atie sahihi.

Linux ina maelfu kwa maelfu ya wenye majina. Ndiyo maana toleo la tatu la GPL lilipotoka tarehe 29 Juni 2007, Linux ilibaki kwenye la pili, na iko hapo mpaka leo. Torvalds hakulipenda toleo la tatu, hilo linajulikana. Lakini hata angelipenda, angeanzia wapi kuwatafuta wote hao?

Je, wajua kwamba maneno machache tu yanaweza kuokoa miaka ya kazi hiyo? Miradi mingi ya GNU iliandika kwamba programu inatolewa chini ya GPL toleo la pili “au toleo lolote la baadaye”, kwa hiari ya mpokeaji. Mradi wenye maneno hayo huhamia toleo jipya bila kumtafuta mtu, kwa kuwa kila mchangiaji alikwisha kukubali tangu mwanzo. Samba, programu inayowezesha mashine za Linux kushirikiana mafaili na zile za Windows, ilihamia GPL ya tatu mwaka uleule wa 2007. Linux haikuwa na maneno hayo. Mwaka 2000 Torvalds alilifafanua jambo hilo waziwazi akisema msimbo wake ni wa toleo la pili peke yake. Kwa maneno ya “toleo lolote la baadaye” unamwamini atakayeandika leseni ijayo, ambayo bado hujaiona. Ni imani kubwa, na sishangai wengine kuinyima.

Waliotumia mwanya huo kwa namna ya kuvutia kuliko wote ni watu wa Wikipedia. Je, wajua kwamba makala zote za kamusi elezo hiyo, zikiwamo za Kiswahili zilizoanza kuandikwa mwaka 2003, zilibadilishwa leseni kwa pamoja mwaka 2009? Mwanzoni zilikuwa chini ya leseni ya GFDL, iliyotungwa kwa ajili ya vitabu vya maelekezo ya programu. Kwa kitabu ilifaa. Kwa makala ya kurasa mbili ilikuwa mzigo, maana anayeichapa alitakiwa kuambatanisha leseni nzima, na mara nyingine leseni ilikuwa ndefu kuliko makala. Wachangiaji hawakuwa na hesabu, na wengi walikuwa wamejiandikisha kwa majina ya bandia. Nani angewatafuta? Njia ikapatikana kwenye maneno yaleyale ya “toleo la baadaye”. Free Software Foundation, wenye GFDL, walitoa toleo la 1.3 tarehe 3 Novemba 2008, na ndani yake wakaweka mlango: miradi ya aina ya wiki ingeweza kuhamia leseni ya Creative Commons, mradi ifanye hivyo kabla ya tarehe 1 Agosti 2009. Kisha mlango ufungwe.

Wikipedia haikupita kimyakimya. Ilipigisha kura, na wapiga kura 17,462 wakajitokeza. Waliokubali walikuwa asilimia 75.8, waliokataa asilimia 10.5, waliobaki hawakuwa na msimamo. Kisheria kura hiyo haikuhitajika. Iliitishwa kwa sababu watu waliojitolea usiku na mchana walistahili kuulizwa, na ningependa kila mwenye mradi aikumbuke.

Walioulizwa mmoja mmoja

Pasipo mlango wa namna hiyo, hakuna budi kubisha hodi nyumba kwa nyumba. VLC, kile kichezea video chenye alama ya koni ya barabarani, kilichomo katika kompyuta nyingi za hapa kwetu, ndicho kilichopitia safari hiyo kwa ukamilifu. Mradi ulianza mwaka 1996 kwa mikono ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, na mwaka 2001 ukatolewa chini ya GPL. Mwaka 2010 kampuni moja iliiweka VLC kwenye duka la programu la Apple. Rémi Denis-Courmont, mmoja wa waandishi wakuu wa msimbo huo, alipinga: masharti ya duka yalimwekea mtumiaji mipaka ambayo GPL hairuhusu. Mwezi Januari 2011 VLC ikaondolewa dukani.

Hapo ndipo unapoona mistari ina wenyewe. Mtu mmoja, mwenye haki katika sehemu ya kazi, alitosha kuiondoa programu nzima dukani. Hakuwa mkorofi, alitetea masharti ambayo kwa hayo alitoa jasho lake.

Jean-Baptiste Kempf, rais wa shirika la VideoLAN, akaamua kuihamisha VLC kwenye LGPL, leseni ya ukoo wa GPL lakini laini zaidi, inayoruhusu msimbo huru kutumika ndani ya programu isiyo huru. Ilibidi achambue historia ya kila faili, ajue nani aliandika nini, kisha awatafute watu waliozidi mia moja. Wapo waliochangia wakiwa wanafunzi, wakahitimu na kutawanyika. Anwani za barua pepe za chuo hufa siku mtu anapohitimu. Kiini cha programu kilimalizika mwishoni mwa mwaka 2011, vijenzi vingine mwishoni mwa 2012, na mwezi Julai 2013 VLC ikarudi kwenye duka la Apple. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita, bila kuongeza hata kitufe kimoja kipya kwa mtumiaji.

Mozilla walikaa muda mrefu zaidi. Kazi ya kuuweka msimbo wa kivinjari chao chini ya leseni tatu kwa pamoja, ili miradi ya GPL iweze kuutumia, ilianza mwaka 2001 na kumalizika mwaka 2006.

Je, wajua kwamba kimya kilikaribia kuhesabiwa kuwa ndiyo? OpenSSL ni maktaba ya usimbaji inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti. Unapoingia kwenye tovuti ya benki na kuona kufuli, huenda ni OpenSSL inayofanya kazi upande wa pili. Leseni yake ya zamani ilikuwa na masharti ya matangazo yaliyogongana na GPL, na kwa miaka mingi miradi mingine ilibidi iandike ruhusa maalumu ili itumike nayo. Mwaka 2015 wasimamizi walitangaza kuhamia leseni ya Apache, na mwaka 2017 wakawaandikia wachangiaji barua pepe. Barua hiyo ilisema kwamba asiyejibu atahesabiwa kuwa hana pingamizi. Theo de Raadt, kiongozi wa mradi wa mfumo wa uendeshaji wa OpenBSD, alikuja juu, na hakuwa peke yake. Hakimiliki haipotei kwa kutojibu barua. Mtu anaweza kuwa amehama anwani, anaumwa, au amefariki. Mimi niko upande wa waliopinga: kama kimya ni ridhaa, basi leseni yoyote inaweza kubadilishwa na yeyote anayejua kuandika barua kwa anwani iliyokufa. OpenSSL 3.0, toleo la kwanza chini ya leseni ya Apache, lilitoka mwezi Septemba 2021, miaka sita tangu nia itangazwe.

Na kuhusu waliofariki: haki yao hairithiwi na mradi. Hurithiwa na familia. Kenya na Tanzania hulinda hakimiliki kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Mchangiaji wa Nairobi aliyefariki mwaka 2020 ameacha mistari itakayolindwa mpaka mwisho wa mwaka 2070, na warithi wake, ambao pengine hawajawahi kuuona msimbo huo, ndio wenye sauti.

Asipopatikana mtu, au akikataa, linabaki jambo moja: kuondoa alichoandika na kukiandika upya. Waliolifanya hilo kwa macho makavu ni OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Wao si programu bali hifadhidata, lakini sheria iliwabana vilevile. Leseni yao ya awali ilitungwa kwa ajili ya maandishi na picha, haikukaa sawa kwenye data, hivyo wakaamua kuhamia leseni ya ODbL. Kila mchangiaji aliombwa ridhaa. Mwezi Julai 2012 programu maalumu ikaanza kupita ramani yote ikifuta barabara, nyumba na mito iliyochorwa na waliokataa au wasiojibu, na tarehe 12 Septemba 2012 leseni mpya ikaanza kutumika. Vijana wa Map Kibera, waliouingiza mtaa wao wa Nairobi kwenye ramani hiyo kuanzia mwaka 2009, na waliochora Tandale, Dar es Salaam, mwaka 2011, kazi yao ilipitia chekeche hilohilo. Naona uchungu kufikiria barabara iliyotembelewa kwa miguu na kuchorwa, kisha ikafutwa kwa kukosa sahihi. Lakini mradi haukuchukua kwa nguvu kitu cha mtu.

Upande wa pili wa jambo hilo ni pale mwenye haki anapokuwa mmoja. Je, wajua kwamba leseni ya BSD ilirekebishwa kwa barua moja? Sharti lake la zamani lilitaka kila tangazo la bidhaa litaje jina la Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Watu wengine wakalinakili sharti hilo na kuweka majina yao, hata Stallman akahesabu katika toleo moja la NetBSD la mwaka 1997 sentensi 75 za namna hiyo. Tarehe 22 Julai 1999 ofisa mmoja wa chuo, William Hoskins, akatangaza kuwa sharti limefutwa, likafutwa. Ila kwa msimbo wa chuo tu. Wale wengine waliolinakili walibaki nalo mpaka waamue wenyewe.

Mema tu

Douglas Crockford, aliyeupa ulimwengu muundo wa data wa JSON, alichukua leseni fupi ya MIT akaiongezea sentensi moja: programu itumike kwa mema, si kwa maovu. Ni sentensi ambayo mzazi yeyote angeikubali. Wanasheria hawakuikubali. Nani ataamua uovu ni upi? Debian, wanaosambaza mfumo huria wa Linux, na Free Software Foundation wakaikataa kuwa leseni huru, kwa sababu uhuru wa programu hauulizi shughuli ya mtu. Crockford amesimulia jinsi IBM walivyomwomba ruhusa maalumu, naye akawapa: wao, wateja wao na washirika wao wanaweza kuitumia programu yake kwa maovu.

Mzaha huo uliacha deni. JSHint, programu ya kukagua msimbo wa JavaScript, ilizaliwa kutokana na JSLint ya Crockford, ikarithi sentensi ile. Wasimamizi wake walitamani kuiondoa kwa miaka mingi na hawakuweza mpaka mwaka 2020.

Kampuni inapobadilisha mawazo

Je, wajua kwamba leseni huria iliyokwisha kutolewa hainyang'anywi? Mwenye haki anaweza kubadilisha masharti ya toleo lijalo. La jana limekwisha kwenda na uhuru wake. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu huko Finland, alitoa programu ya SSH ya kuingia kwenye seva kwa usalama. Matoleo yaliyofuata yalizidi kubanwa masharti kadiri biashara ilivyokua. Mwaka 1999 mwandishi wa programu wa Sweden, Björn Grönvall, alirudi nyuma mpaka toleo la 1.2.12, la mwisho lililokuwa huru vya kutosha, akaanza kulirekebisha. Watu wa OpenBSD wakalichukua, wakazaa OpenSSH. Leo karibu kila msimamizi wa seva za Linux duniani, kuanzia Kampala hadi Toronto, huingia kazini kwa OpenSSH.

Hao OpenBSD hawasubiri. Mwaka 2001 mwandishi wa kichujio chao cha mtandao alipofafanua kwamba leseni yake hairuhusu kusambaza nakala zilizorekebishwa, walikitoa kwenye mfumo, na kabla ya mwaka kuisha walikuwa na kichujio chao kipya, pf.

Miaka ya karibuni vita vimehamia kwenye hifadhidata na makampuni ya wingu. Malalamiko ya kampuni zinazotengeneza programu hizo yana uzito wake: wao wanaandika msimbo na kuutoa bure, kisha Amazon na wakubwa wenzake wanaukodisha kwa wateja na kuvuna fedha nyingi. MongoDB walikuwa wa mwanzo kuchukua hatua kubwa. Tarehe 16 Oktoba 2018 waliacha AGPL, leseni ya ukoo wa GPL kwa programu za mtandaoni, na kuja na leseni yao, SSPL, inayomtaka anayeiuza programu kama huduma atoe wazi msimbo wa mfumo wake wote wa kuendeshea huduma hiyo. Wakaipeleka kwa Open Source Initiative iidhinishwe kuwa leseni huria. Mwezi Machi 2019 wakaiondoa maombini. Debian, na Fedora ambao nao husambaza Linux, wakaacha kuisambaza MongoDB.

Elastic walifuata mwezi Januari 2021. Injini yao ya utafutaji, Elasticsearch, ina asili nzuri: Shay Banon aliianza katika juhudi za kumtengenezea mkewe programu ya kutafuta mapishi, wakati mke huyo akisomea upishi London. Leseni ilipobadilika, Amazon walichukua toleo la mwisho lililokuwa huru, na mwezi Aprili wakatangaza mradi wao, OpenSearch. Mwaka 2024, mwezi Agosti, Elastic wakarudi: waliongeza AGPL kuwa mojawapo ya leseni za kuchagua. Lakini OpenSearch haikurudi nyumbani. Mwezi uliofuata iliwekwa chini ya Linux Foundation.

Redis, wenye hifadhidata nyingine, walikwenda njia ileile kwa kasi zaidi. Tarehe 20 Machi 2024 kampuni ilitangaza kuachana na leseni ya BSD. Tarehe 28 Machi, siku nane tu baadaye, Linux Foundation ikatangaza Valkey, mradi uliochukua msimbo huru wa Redis pamoja na baadhi ya wasimamizi wake wa muda mrefu. Mwaka mmoja na kidogo ukapita, na mwezi Mei 2025 Redis 8 ikatoka ikiwa na AGPL. Salvatore Sanfilippo, Msisilia aliyeianzisha Redis mwaka 2009 na kuiacha mikononi mwa wengine mwaka 2020, alikuwa amerejea kwenye kampuni miezi michache kabla.

Swali linalostahili kuulizwa hapa ni hili: kampuni hizi ziliwezaje kubadilisha leseni kwa siku moja, wakati VLC ilihangaika miaka? Zipo njia mbili. Ya kwanza ni leseni yenyewe kuwa laini. BSD na Apache humruhusu mtu kuuchukua msimbo wa wengine na kuufungia ndani ya bidhaa yenye masharti mapya, ilimradi ahifadhi majina yao. Ya pili ni mkataba wa wachangiaji: kabla mchango wako haujapokelewa, unatia sahihi hati inayoipa kampuni haki pana juu ya ulichoandika, mara nyingi pamoja na haki ya kukitoa kwa leseni nyingine yoyote. Vijana wengi hubofya “Nakubali” bila kuisoma. Isome, mwanangu, isome yote. Kinyume chake ni utaratibu wa Linux wa tangu mwaka 2004, ambapo mchangiaji huweka jina lake chini ya kila mchango kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa, na basi. Hakuna haki ya ziada inayokwenda kwa mtu yeyote.

Sidai kwamba kila mkataba wa wachangiaji ni mtego. Free Software Foundation huwaomba wachangiaji wa miradi mingi ya GNU wakabidhi hakimiliki yao kabisa, na wenyewe hujifunga kwa maandishi kwamba kazi itabaki huru. Jambo la kuangalia ni nani anapewa na amejifunga kwa lipi.

Mabadiliko huwa na athari mbali na mahali yalipofanyika. Je, wajua kwa nini kompyuta za Mac huja na bash ya toleo la 3.2, iliyotoka mwaka 2006? Matoleo yaliyofuata ya ganda hilo la amri yako chini ya GPL ya tatu, ambayo Apple hawataki kuigusa. Mwaka 2019 wakalifanya zsh, lenye leseni laini, kuwa ganda la kawaida.

Na wakati mwingine umma ndio unaoibadilisha kampuni. Facebook waliambatanisha na React, maktaba yao ya JavaScript, kifungu kuhusu hataza kilichowatia watu wasiwasi. Septemba 2017 Matt Mullenweg wa WordPress akatangaza kwamba wataiacha React. Haikupita hata siku kumi, Facebook wakatangaza kuiweka chini ya leseni ya MIT.

Zaidi ya hapo, uhuru unaweza hata kununuliwa. Blender, programu ya kuchora na kuhuisha picha za pande tatu, ilikuwa mali ya kampuni ya Uholanzi iliyofilisika mwaka 2002. Ton Roosendaal, aliyeiandika, aliwaomba wawekezaji waiachie, nao wakataka euro 100,000. Watumiaji wakachanga, na wiki saba zikatosha. Tarehe 13 Oktoba 2002 Blender ikatolewa chini ya GPL. Filamu ya Latvia iitwayo Flow, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 2025. Katika visa vyote hivi hiki ndicho ninachokipenda kuliko vingine.

Kwetu nako

Ushahidi, jukwaa lililoundwa Kenya mwezi Januari 2008 na Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia ili kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, lilianza chini ya LGPL. Lilipoandikwa upya katika toleo la tatu likawekwa chini ya AGPL, leseni inayomlazimu hata anayeendesha programu mtandaoni bila kuisambaza awape watumiaji wake msimbo. Kwa programu inayotumika kupitia tovuti, hilo ni badiliko kubwa kweli.

OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliosimikwa Eldoret mwaka 2006 na Rwanda mwaka huohuo, ulikuwa na leseni yake wenyewe, iliyochongwa kutokana na ile ya Mozilla. Leseni ya pekee ina taabu yake: kila hospitali na kila wizara inayotaka kuutumia mfumo inabidi mwanasheria wake aisome upya. Mozilla walipotoa toleo la 2.0 la leseni yao mwaka 2012, OpenMRS walipata njia ya kuhamia humo, wakibakiza tamko fupi la ziada kuhusu matumizi katika tiba. Daktari aliye mbele ya kompyuta hakuona tofauti yoyote. Aliyeiona ni mtu wa manunuzi serikalini.

La mwisho linahusu leseni zinazojibadilisha zenyewe. Waanzilishi wa MySQL, akiwamo Michael Widenius, ambaye aliipa hifadhidata hiyo jina la bintiye My na ile iliyofuata, MariaDB, jina la binti mwingine, Maria, ndio walioasisi leseni ya BSL. Ndani yake huandikwa tarehe: mpaka siku hiyo kuna vizuizi vya kibiashara, baada yake msimbo unaingia wenyewe chini ya leseni huria, na muda hauruhusiwi kuzidi miaka minne. HashiCorp waliichukua tarehe 10 Agosti 2023 kwa ajili ya Terraform, programu inayotumika sana kupanga seva za wingu, wakiacha leseni ya Mozilla. Wapinzani wakajitenga na kuunda OpenTofu, ambayo Septemba mwaka huohuo ilipokelewa na Linux Foundation. Toleo la kwanza la Terraform chini ya BSL, la 1.6, lilitoka Oktoba 2023, kwa hiyo Oktoba 2027 litarejea kwenye leseni ya Mozilla, likifuatwa na la 1.7 na yaliyobaki, kila moja kwa tarehe yake.